Nota za chini, nota za mwisho: namna ya kuzihamisha kwa skripti



Wengi wenu mnatuletea maandishi yenu katika ordinatere, na chini ya kila ukurasa mmepanga nota: jina la kitabu, mwaka, ukurasa, pengine neno la Kilatini ao la Kigiriki. Twafurahi kuziona. Lakini kitabu kinapotoka, nota zile zimeondoka chini ya ukurasa na kwenda mwisho, nanyi mnatuuliza: sababu gani? Tena mafrateri wawili wa hapa Kisangani wametaka kujifunza kazi yenyewe. Basi tumeona yafaa kuandika juu yake kwa urefu kidogo, na kuungama vilevile kosa letu moja.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Nota ya chini ni ile inayokaa chini ya ukurasa uleule wenye neno linaloelezwa. Nota ya mwisho ni ile inayongoja mwisho wa sura, ao mwisho wa kitabu chote. Watu wa pwani wanasema tanbihi. Sisi huku tumezoea nota, na hapa tutasema hivyo.

Nota si pambo la ukurasa. Juu ya Maandiko Matakatifu Kanisa limetoa hata sheria. Kitabu cha sheria cha mwaka 1917, katika kanuni 1391, kilisema tafsiri za Biblia katika lugha za watu zisichapwe ila zikiwa na kibali cha Kiti Kitakatifu, ao zikitolewa chini ya ulinzi wa Maaskofu pamoja na nota zilizotolewa hasa katika maandiko ya Mababa wa Kanisa na ya waandishi wakatoliki wenye elimu. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 25, ulitaka tafsiri ziwe na maelezo yanayohitajiwa na yanayotosha kweli. Kanuni 825 ya mwaka 1983 yasema vilevile. Ni kwa nini kujisumbua hivyo? Maana msomaji aliye peke yake na kitabu hana mwalimu karibu. Nota inashika nafasi ya mwalimu.

Na katika vitabu vingine nota ni shahidi. Mtu akiandika juu ya vita ya Kisangani ya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, msomaji ana haki ya kuuliza: nani anashuhudia neno hili? Aliona kwa macho, ao alisikia kwa mwingine? Mwandishi mwema anajibu katika nota: usiniamini mimi tu, nenda ukatazame fasi fulani, ukurasa fulani. Shahidi huyo akisimama penye neno jingine, si lake, amekuwa shahidi wa uongo, ijapo yeye mwenyewe hakusema uongo.

Sasa, kama nota ni kitu kikubwa hivyo, tunaihamisha kwa nini? Inategemea msomaji. Padri Laurent Monsengwo, aliyekuwa baadaye Askofu mkuu wetu wa Kisangani tangu 1988 hata 2007, alitoa Roma mwaka 1973 kitabu juu ya neno nomos katika Pentateuko ya Kigiriki. Anayesoma kitabu cha namna hiyo anataka kuona ushahidi papo hapo, neno kwa neno. Kumpeleka kila mara mwisho wa kitabu ni kumtesa. Lakini katekista anayesoma mbele ya watu chini ya mwembe, naye akakuta mistari mitano ya mafundisho na mistari ishirini ya nota, anapoteza njia. Tumemwona mmoja aliyesoma nota kwa sauti katikati ya fundisho, pamoja na namba za kurasa, na watu wakamsikiliza kwa heshima. Kwa kitabu chake yafaa nota zikae mbali kidogo.

Mbali kidogo, tumesema. Si mbali sana. Hapa mjini kitabu kimoja kinasomwa na watu thelathini, na wengi wao hawana kitabu, wana fotokopi ya sura moja. Anayekwenda kufanya fotokopi analipa kwa kila karatasi, basi anachukua sura anayoihitaji na kuacha nyingine. Kama nota zote zimekusanywa mwisho wa kitabu, sura inakwenda Mangobo ao Lubunga pasipo shahidi hata mmoja, na namba ndogo zilizobaki juu ya maneno hazielekei kitu. Kwa sababu hiyo sisi tunaweka nota mwisho wa kila sura. Desturi hii hatukuipata katika kitabu cha mabwana wa uchapaji, tumefundishwa na mashini za fotokopi.

Tuje kwenye kazi. Zamani, herufi zilipokuwa za risasi, mpangaji aliyetaka kuhamisha nota alizihamisha kwa mkono, mstari kwa mstari, akapanga tena kurasa zote. Leo tunapanga kurasa katika programu za ordinatere. Inayojulikana zaidi ni InDesign. Programu hii ilipata nota za chini mwaka 2005. Nota za mwisho zilichelewa sana, zilifika Oktoba 2017 tu. Katika miaka ile kumi na miwili wapangaji wa vitabu walifanya nini? Walitumia skripti. Mtu mmoja, Peter Kahrel, aliandika nyingi juu ya nota hizi, akawapa wote bure, na vitabu vingi vilitengenezwa kwa skripti zake. Oktoba 2018 programu yenyewe ikapata amri ya kugeuza nota za chini kuwa za mwisho, na za mwisho kuwa za chini.

Skripti ni nini? Mseminari ataelewa upesi. Katika Misale mna herufi nyeusi na herufi nyekundu. Nyeusi ni maneno ya kusema; nyekundu, yaani rubrika, ni mambo ya kutenda: inama, panua mikono, geuka. Skripti ni rubrika za mashini. Ni karatasi ya amri zilizopangwa moja baada ya nyingine: tafuta nota, chukua maneno yake, yaweke mwisho, acha namba penye fasi yake, endelea na nota inayofuata. Mashini inazitii zote upesi kabisa, lakini haina imani wala akili. Rubrika ikiwa na kosa, itafanya kosa lile mara mia nne pasipo kuona haya.

Mtauliza: kama amri ya kugeuza imo sasa ndani ya programu, skripti ya nini tena? Jibu ni hili. Amri ile inakusanya nota mwisho wa faili, ao mwisho wa mkondo. Mkondo ni maneno yanayopita toka ukurasa hata ukurasa pasipo kukatika. Kama kila sura ni mkondo wake, vema, tumia amri ya programu, hakuna haja ya kitu kingine. Lakini wengi wanatuletea kitabu kizima katika mkondo mmoja, toka neno la kwanza hata la mwisho. Hapo programu inaona kitabu kimoja tu, haioni sura. Sharti ukate mkondo sura kwa sura, ao utumie skripti inayotambua vichwa vya sura na kumwaga nota kabla ya kichwa kinachofuata.

Skripti yenyewe ni faili dogo, jina lake laishia kwa herufi jsx. Unaliweka katika folda ya skripti, linaonekana katika dirisha lake, unalibonyeza mara mbili, basi. Hakuna fumbo. Neno moja tu: skripti unayopewa katika flashi na mtu usiyemjua, ifungue kwanza kama maandishi ya kawaida uone ndani. Kama huelewi kitu, mwonyeshe anayeelewa.

Sasa makosa yanayojificha, maana hapa ndipo faida ya makala hii ilipo.

Kosa la kwanza ni la kuhesabu. Katekista amepanga watoto sita kwa mstari, anataka kuwatoa mmoja mmoja. Anasema: wa kwanza, toka! Mtoto anatoka, wengine wanasogea mbele. Kisha anasema: wa pili, toka! Lakini aliye wa pili sasa ni yule aliyekuwa wa tatu. Kisha: wa tatu! Anatoka aliyekuwa wa tano. Kisha anaita wa nne, hakuna wa nne. Watoto watatu wamebaki, wa pili, wa nne na wa sita, wanamtazama. Skripti iliyoandikwa vibaya inafanya hivyo na nota: inaondoa moja na kuruka moja. Dawa yake ni kuanza nyuma, toka wa sita mpaka wa kwanza, maana anayetoka nyuma hasogezi mtu. Lakini ukianza nyuma, angalia pia usizipange nota kinyume huko mwisho! Skripti nzuri inapita mara mbili: mara ya kwanza inakwenda mbele na kuandika nota kwa utaratibu, mara ya pili inarudi nyuma na kuziondoa chini.

Kosa la pili ni la mavazi. Katika nota majina ya vitabu yanaandikwa kwa herufi za kulala, na Kigiriki kwa herufi zake. Skripti nyingine inachukua maneno tu, inaacha mavazi yao. Herufi za kulala zinasimama, na hasara hiyo ni ndogo. Lakini wengi wetu tunazo bado kazi za zamani ambamo Kigiriki kiliandikwa kwa herufi za kuigiza: katika faili ni herufi za Kilatini, zimevikwa tu sura ya Kigiriki. Vua vazi, na neno takatifu linageuka kuwa mchanganyiko wa herufi na alama usio na maana. Basi chagua skripti inayohamisha nota pamoja na vazi lake. Na kabla ya yote, jaribu juu ya nota moja yenye Kigiriki.

Kosa la tatu ndilo lililotupata sisi. Tulikuwa tukitengeneza kijitabu cha historia ya Kanisa la upande wetu huu. Katika sura juu ya mwaka 1964 mwandishi alisimulia kifo cha Askofu Joseph Wittebols wa Wamba, aliyeuawa tarehe 26 Novemba. Mara baadaye akasimulia kifo cha Sista Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba, na ambaye Papa Yohane Paulo wa pili alimtangaza kuwa Mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kila habari ilikuwa na nota yake, na kila nota na mashahidi wake. Tukatumia skripti. Kazi ikaisha kabla hatujamaliza kikombe cha chai, na kurasa zilipendeza. Tukashukuru.

Lakini mbele kidogo katika sura ile mlikuwa na nota tupu. Mwandishi alikuwa amefuta maneno yake na kusahau kufuta namba. Skripti ilipofika kwake, haikukuta neno, ikaipita. Katika maandiko namba ilibaki; katika orodha ya mwisho haikuwamo. Tangu hapo kila namba ilielekea nota ya jirani yake. Namba iliyokaa penye kifo cha Askofu huko Wamba ikapeleka msomaji kwa mashahidi wa Isiro, na namba ya Anuarite ikampeleka kwenye nota juu ya jambo jingine kabisa. Hakuna sentensi hata moja iliyobadilika. Ukisoma sura yote toka mwanzo hata mwisho, huoni kitu. Sisi tulisoma mara mbili, hatukuona.

Aliyeona ni katekista mzee wa ng'ambo ya mto, anayesoma na kidole, na ambaye hapiti namba pasipo kwenda kuitazama. Alitujia na karatasi, akasema: «Padri, ninyi mnasema huyu aliuawa hapa, na shahidi wenu anasema kule. Nimwamini nani?» Tena akatuonyesha kwamba namba ya mwisho ya sura haikuwa na nota yake. Tungalihesabu tu, tungalijua: katika maandiko namba ziliizidi orodha kwa moja. Nakala zilikuwa bado hazijafungwa. Tuliharibu karatasi za sura nzima, na karatasi si rahisi. Twakubali hasara ile kuliko kumwachia mwanafunzi wa kesho ushuhuda uliopotoka juu ya damu ya watu hawa.

Tangu siku ile tunashika desturi hizi. Kabla ya kugusa kitu, tunafanya nakala ya faili na kuiweka kando, maana umeme ukikatika katikati ya skripti hujui imefika wapi. Tunatafuta nota tupu na kuziondoa. Tunaandika katika karatasi hesabu ya nota za kila sura. Baada ya skripti tunahesabu tena, namba za katika maandiko mbali, nota za mwisho mbali. Hesabu tatu hizi sharti zilingane. Kisha watu wawili wanakaa pamoja, mmoja na kurasa za zamani, mwingine na kurasa mpya, na kwa kila namba wanasomeana neno lililo mbele yake na mwanzo wa nota. Kwa nota mia mbili ni kazi ya asubuhi moja. Hatujapata skripti inayofanya kazi hiyo ya watu wawili, na hatuitafuti.

Kuna pia maneno yanayokufa nota zinapohama. Mwandishi ameandika «tazama nota 3 hapo juu», na nota zilikuwa zikianza tena kwa 1 katika kila ukurasa. Sasa zinaendelea toka mwanzo hata mwisho wa sura, na ile ya 3 imekuwa ya 27. Ao ameandika «tazama chini ya ukurasa huu», na chini hakuna kitu tena. Ao nota ya kwanza ya sura yasema Ibid., na kitabu kinachotajwa kimebaki katika sura iliyopita: mwenye fotokopi atafanyaje? Tafuteni maneno haya yote kwa amri ya kutafuta, myatengeneze kwa mkono. Vilevile, nota zikiondoka chini, maandiko yanapanda kujaza nafasi, na kurasa zinabadilika. Yaliyomo sharti yafanywe upya, nayo iwe kazi ya mwisho kabisa.

Juu ya namba, mjue kwamba skripti nyingine inaacha namba hai, nyingine namba mfu. Namba hai imefungwa na nota yake. Ukiongeza nota katikati, zote zinajihesabu tena. Namba mfu ni tarakimu tu iliyopandishwa juu ya mstari. Chagueni hai kila mara. Za kwetu katika kijitabu kile zilikuwa mfu, na hiyo ni nusu ya kosa letu.

Ndugu wengine wametuambia: InDesign inalipiwa kila mwezi ao kila mwaka, nasi hatuna feza hiyo. Ni kweli. Kwa kitabu kisicho na picha nyingi, LibreOffice inatosha, nayo ni ya bure. Ndani yake huhitaji hata skripti kwa kazi hii. Weka kila sura katika sehemu yake, kisha katika chaguo za sehemu ile agiza nota za chini zikusanywe mwisho wa maandiko ya sehemu. Zinakwenda zenyewe, na ukifuta agizo zinarudi chini. Tumefanya hivyo kwa masomo ya mwaka wa kwanza, na hatukupoteza nota hata moja.

Tunaomba kitu kimoja kwa wanaotuletea maandishi. Wengine hawajui amri ya nota, basi wanaandika namba ndogo kwa mkono, wanavuta mstari chini ya ukurasa kwa vistari, na kuandika nota chini yake. Machoni ni nota. Kwa mashini ni maneno kama mengine. Skripti inapita juu yake haioni kitu, na kesho mstari ule na nota zake vinajikuta katikati ya ukurasa, ndani ya sentensi juu ya neema. Jifunzeni amri ile. Ni ya dakika moja, na mafrateri wetu wawili watawaonyesha kwa furaha. Wao wamekwisha kuhamisha nota za sura mbili za kitabu cha katekesi, hesabu zimelingana. Sura ya tatu inangoja umeme.